Ufa uko utosini, ugonjwa uko miguuni

SWALI: Assalamu alaykum, Mwalimu. Shehia yetu iko wilaya ya Chake Chake, Pemba. Tuna daraja dogo la zamani la mawe na chokaa, la tao moja, linavuka mto kwenye njia ya kuteremkia bondeni kwenye mpunga. Tao lina mita 3 kutoka mguu hadi mguu, kimo chake mita 1, na njia ya juu ina upana wa mita 3. Baada ya masika yaliyopita tumeona ufa chini ya tao, katikati khasa, umekatiza kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Ncha ya kisu inaingia, kidole hakiingii. Mawe mawili yameanguka mtoni. Fundi mmoja ametushauri tupige lipu ya saruji kwa chini na tumwage zege la nondo la inchi 6 kwa juu, ili malori ya mchanga yapite. Wazee wanakataa, wanasema daraja la chokaa hutengenezwa kwa chokaa. Vijana wanaona wazee wamepitwa na wakati. Tumfuate nani, na kazi yenyewe ifanywe vipi?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Wafuateni wazee. Kwa maelezo uliyoleta, daraja hilo lina uhai bado, na kazi yake inawezekana kwa mafundi wawili wanaojua chokaa na vibarua wachache wa hapo hapo shehiani.

Kabla ya lolote, malori yasipite tena. Wekeni mawe makubwa mawili kila upande wa daraja, yaache nafasi ya kupita mtu, baiskeli, vespa na gari ya ng'ombe. Mawe mawili yaliyoanguka yatoeni mtoni myahifadhi, kwa sababu ndiyo yatakayorudi mahali pake. Na huo ufa msiuzibe kwa kitu chochote, hata kwa chokaa, mpaka mjue umetoka wapi.

Sasa nieleze sababu, maana vijana nao wana haki ya kuambiwa kwa nini, si kuambiwa tu kwamba wazee wamesema.

Mawe ya tao hayakugandishwa pamoja kwa nguvu ya chokaa. Yamebanana. Kila jiwe linataka kuanguka, na linazuiwa na jirani zake wa kulia na kushoto. Uzito unapita kutoka jiwe hadi jiwe, unashuka mabegani, unafika miguuni, na pale miguuni hauteremki chini tu, unasukuma pia kwenda nje. Chokaa iliyomo kati ya mawe kazi yake ni kulaza jiwe vizuri juu ya jingine, kama godoro, ili uzito usikae kwenye ncha moja. Ukitaka kuliona hili kwa macho, shika mkufu kwa ncha zake mbili uuache uning'inie. Umbo lile, ukiligeuza juu chini, ndilo njia ya uzito ndani ya tao linalobeba uzito wake lenyewe. Mwanasayansi Robert Hooke wa London aliliandika jambo hili mwaka 1675, na wahandisi wanalitumia mpaka leo. Maadamu njia hiyo ya uzito inabaki ndani ya unene wa mawe, tao halianguki.

Huo msukumo wa kwenda nje unapimika. Tuseme tao lenu lina unene wa sentimita 40 na juu yake kuna kifusi cha wastani wa nusu mita. Uzito wake ni karibu tani 1.7 kwa kila mita ya mraba. Uzidishe kwa 3 mara 3, yaani nafasi ya tao kutoka mguu hadi mguu mara yenyewe, kisha ugawe kwa 8 mara kimo cha tao, ambacho kwenu ni 1. Jawabu ni karibu tani 1.9 kwa kila mita moja ya upana wa njia. Njia yenu ina mita 3, kwa hiyo kila mguu unasukumwa nje kwa karibu tani 6, usiku na mchana, hata asipopita kuku juu yake. Tao lingekuwa bapa zaidi, kimo nusu mita badala ya mita moja, msukumo huo ungekuwa mara mbili. Ndiyo maana mafundi wa zamani waliijenga miguu minene na wakaishindilia udongo na mawe kwa nyuma.

Mguu mmoja ukiachia hata milimita chache kwenda nje, tao linakuwa fupi kwa nafasi iliyopo. Haliwezi kunyooka, kwa hiyo linashuka kidogo pale katikati, na likishuka linafunguka kwa chini utosini, na linafunguka kwa juu, upande wa kifusi, karibu na miguu. Ule wa chini ndio mliouona. Zile mbili za juu zimefichwa na udongo. Ufa wa kukatiza kutoka ubavu hadi ubavu, uliofunguka kwa chini katikati ya tao, maana yake ni moja: miguu imeachana. Ungefunguka kwa juu utosini, ningesema miguu imesogeleana. Ungekwenda mshazari, ningetafuta pembe moja ya mguu iliyozama. Na ungefuata njia, sambamba na ukuta wa ubavuni, kosa lingekuwa la kifusi kilicholowa maji kinachosukuma kuta za ubavu kwenda nje. Kila ufa una mahali pake, na mahali pake ndipo penye habari. Ukishaupiga lipu umejinyima habari hizo.

Tao lililofunguka mahali patatu bado linasimama, tena linaweza kusimama hivyo miaka mingi, kwa sababu limejirekebisha kufuata nafasi mpya ya miguu. Linaloanguka ni lililofunguka mahali panne, kwa sababu hapo linageuka mnyororo wa vipande unaoweza kukunjika. Lori la mchanga likisimama juu ya bega moja laweza kuufungua ule ufa wa nne kwa mara moja. Nilipoanza na malori sikuwa natia chumvi.

Basi kwa nini mguu umesogea? Katika mito ya Pemba, inayojaa kwa kishindo masika halafu ikarudi kijito, jibu la kwanza la kutafuta ni maji yaliyochimba chini ya mguu. Daraja linabana mto. Maji yaliyokuwa yakipita kwenye nafasi ya mita 6 sasa yanapita kwenye mita 3, kwa hiyo yanakwenda kasi, na kasi hiyo inachota mchanga na udongo chini ya msingi. Ubaya wa jambo hili ni kwamba shimo huwa refu zaidi wakati mto umejaa, wakati hakuna anayeweza kuona. Maji yakipungua, matope laini yanarudi kulijaza. Ukienda mwezi wa Julai unakuta chini pamelala sawa, unaridhika, unarudi nyumbani.

Chukueni mtaimbo au nondo ya milimita 16 yenye urefu wa mita moja na nusu. Anzeni mguu wa upande wa maji yanakotoka. Kila baada ya sentimita 30, chomekeni nondo kwa mikono tu, bila nyundo, kando ya mguu, iwe imelala kidogo kuelekea chini ya mawe. Udongo mgumu unakataa baada ya sentimita chache, mkono unahisi na nondo inatoa mlio mfupi. Matope yaliyorudi yanaipokea kimya, nondo inaingia kama kisu kwenye boga lililoiva. Pale inapopita chini ya jiwe la mwisho la mguu na kuendelea, pana uwazi. Andikeni kila kipimo kwenye daftari, mguu wa kulia na wa kushoto, kwa urefu wote wa mita 3. Nitashangaa sana kama miguu yote miwili italingana.

Tazameni na nyuma ya miguu pia, pale ukingo wa mto unapokutana na daraja. Maji yakishakula udongo wa nyuma, mguu hauna wa kuuegemea. Mashimo ya kaa na mizizi iliyooza huanza kama jambo dogo kabisa hapo.

Wakati huohuo wekeni alama ya kuupima ufa. Pigeni misumari miwili midogo ya shaba, mmoja kila upande wa ufa, ndani ya chokaa ya kiungo na si ndani ya jiwe, ikiachana sentimita 10. Fanyeni hivyo mahali patatu: ubavu wa kulia, katikati, ubavu wa kushoto. Kila Ijumaa mtu mmoja, yule yule, apime nafasi kati ya misumari kwa kipimo kile kile na aandike pamoja na tarehe na kama mvua ilinyesha. Nafasi ikizidi milimita 1 ndani ya mwezi mmoja, tao lichukuliwe kuwa linatembea, hata watu wasipite mpaka liwekewe kalibu, yaani fremu ya mbao ya kulishikilia kwa chini. Upande mmoja ukifunguka zaidi ya mwingine, mmeshajua ni pembe ipi ya mguu inayoondoka.

Niseme sasa juu ya ushauri wa yule fundi. Zege la inchi 6 lina uzito wa karibu kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Juu ya tao lenu peke yake, mita 3 kwa 3, hiyo ni zaidi ya tani 3, na msukumo wa nje kwa kila mguu unaongezeka kwa karibu tani 1.2. Unamtwisha mzigo mgonjwa wa miguu. Lipu ya chini nayo haibebi chochote, kwa sababu haimo katika njia ya uzito, imebandikwa tu. Lakini madhara inayo. Mawe yetu ya matumbawe yana matundu, yanakunywa maji na kuyatoa. Maji ya mvua yanayopita kwenye kifusi hushuka ndani ya tao na kutokea chini, polepole, kupitia viungo vya chokaa. Ukiziba kwa saruji yanabaki ndani. Yanafuta chokaa ya zamani nyuma ya lipu, yanabeba chumvi mpaka kwenye uso wa jiwe, chumvi inaganda pale na kuvimba, na baada ya miaka michache lipu inaanguka vipande vipande pamoja na uso wa jiwe. Lipu mliyoipenda kwa ulaini wake inaondoka na ngozi ya jiwe. Jambo la pili ni ugumu. Chokaa ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo tao likitikisika kinachopasuka ni kiungo, na kiungo kinazibika kwa mwiko na karai. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe. Likitikisika tena, kitakachopasuka ni jiwe lenyewe.

Mahali pamoja tu saruji naikubali katika kazi hii, nako ni chini ya mguu, chini ya usawa wa maji, pale chokaa tupu isipoweza kushika kwa sababu haipati hewa. Nitafika hapo.

Utaratibu wa kazi unaanzia chini na kupanda juu, usigeuzwe. Subirini masika yaishe na mto upungue. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba, ndio wakati wake: maji ni machache, jua halichomi sana, na chokaa inapata muda wa kushika kabla ya vuli.

Kwanza kalibu. Pangeni fremu tatu za mbao zenye mviringo wa tao, moja kila ubavu na moja katikati, zipungue sentimita 3 kuliko tao lenyewe, kisha juu yake mbao nyembamba zilizolala kukatiza njia, kutoka ubavu hadi ubavu. Kila fremu ikae juu ya kabari mbili zilizopishana, mbele na nyuma, ili uweze kuipandisha na kuishusha kwa nyundo ndogo. Chini ya kabari wekeni ubao mpana juu ya mawe yaliyoshindiliwa, si juu ya matope. Pandisheni mpaka mbao ziguse mawe ya tao, basi. Msijaribu kulinyanyua tao lirudi lilipokuwa. Limeshakaa mkao mpya, na mkilisukuma kwa nguvu mtafungua ufa kwingine.

Halafu mguu. Zuieni maji upande mmoja kwa viroba vya mchanga, mto upite upande wa pili. Mguu wenu una mita 3, ugaweni vipande vitano vya sentimita 60. Chimbueni chini ya kipande cha kwanza peke yake, toeni matope yote mpaka mfike udongo mgumu unaokataa nondo, jengeni kwa mawe makubwa na mchanganyiko wa saruji, na nafasi ya mwisho kati ya jengo jipya na mguu wa zamani ijazwe kwa mchanganyiko mkavukavu unaoshindiliwa kwa ubao mpaka ubane. Kiacheni siku tatu au nne. Kisha kipande cha nne, kisha cha pili, cha tano, mwisho cha tatu. Nasisitiza hapa kwa sababu hapa ndipo watu wanapoua madaraja: fundi akiona mambo yanakwenda vizuri anachimba vipande viwili vinavyopakana ili amalize siku moja, na mguu ulioning'inia mita moja na robo hausubiri asubuhi.

Mkishamaliza, tandazeni mawe makubwa ya kilo 30 hadi 50 kwenye kitanda cha mto chini ya daraja na mita moja na nusu kuelekea maji yanakokwenda. Yazamisheni yawe sawa na kitanda. Mkiyaacha yamepanda mtaubana mto zaidi, na kasi mliyotaka kuipunguza itaongezeka.

Sasa chokaa, ambayo ndiyo roho ya daraja. Machoni mwa vijana chokaa ni rangi ya kupaka ukuta. Lakini kuta za Ras Mkumbuu na za Pujini, hapo hapo Pemba, zina kama miaka 500 au zaidi na zimejengwa kwa chokaa, na makuba ya hamamu ya Kidichi kule Unguja, iliyojengwa mwaka 1850, bado yamekaa juu ya chokaa. Ila ni chokaa iliyopikwa na kulowekwa kwa subira.

Mkipata ya kuchoma kwenye tanuu, iliyo bado mawe mawe, itiwe ndani ya maji. Kamwe maji yasimwagwe juu ya chokaa. Inachemka na kuruka, na tone moja jichoni ni hatari kubwa. Vaeni glavu na miwani, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Ikishapoa ichujwe, iachwe chini ya maji, ndani ya shimo au pipa, miezi mitatu kwa uchache. Inakuwa nyororo kama samli iliyoganda. Mkitumia ya mifuko ya unga, ilowekeni siku moja kabla, lakini ijaribuni kwanza: chukueni kijiko, mtie siki. Ikitoa povu jingi, basi imeshazeeka kwa kukaa hewani au ni unga wa jiwe tu, haifai. Nzuri haitoi povu ila kidogo sana.

Mchanga uwe wa shimo, mkali, wenye punje kubwa na ndogo pamoja. Wa pwani una chumvi, msiuguse. Wa shimo nao unaweza kuwa na udongo mwingi: jazeni nusu chupa mchanga, ongezeni maji, tikiseni, acheni usiku kucha. Tabaka la udongo laini likikaa juu ya mchanga kwa unene unaozidi sehemu moja kati ya kumi na tano, uosheni.

Kipimo ni mchanga 3 kwa chokaa 1. Si namba ya kukariri tu, ina sababu. Jazeni ndoo mchanga mkavu, kisha mimineni maji polepole mpaka yafike usoni. Maji yaliyoingia ni karibu theluthi ya ndoo. Hiyo ndiyo nafasi tupu iliyo kati ya punje, na chokaa inatakiwa iijaze yote. Ikipungua, udongo wa kujengea unavunjika kama biskuti. Ikizidi, unapasuka ukikauka. Kwa daraja, penye unyevu, ongezeni unga wa vigae. Vunjeni vyungu na mitungi mibovu ya udongo wa kuchoma, twangeni, chekecheni. Sehemu 1 ya chokaa, 1 ya unga wa vigae, 2 za mchanga. Unga huo unaifanya chokaa ishike hata penye maji na hewa kidogo, na vyungu vyetu vilivyochomwa kwa moto wa kuni, usio mkali sana, vinafaa kuliko matofali yaliyoungua mpaka yakawa kama kioo. Ujumla wa uso wa chini wa tao lenu ni kama mita za mraba 11 na nusu. Ndoo 10 za lita 20 za mchanganyiko zitawatosha kwa viungo, pamoja na ule utakaoanguka.

Kabla ya kujaza, kwangueni chokaa iliyooza kwenye viungo kwa patasi nyembamba na nyundo ndogo. Msitumie mashine ya kukatia, inakula kingo za mawe. Ingieni ndani mara mbili ya upana wa kiungo, isipungue sentimita 2 na nusu. Osheni vumbi. Lowesheni mpaka jiwe linyamaze kunywa, lakini maji yasisimame. Mchanganyiko uwe mkavukavu: ukiukamata mkononi unashikana, ukifungua mkono haugandi. Ushindilieni ndani kabisa kwa kijiti, tabaka kwa tabaka, na penye nafasi pana ingizeni vipande vidogo vya mawe, vimebana, kama mafundi wa Mji Mkongwe walivyofanya. Kiungo kipana kilichojaa udongo mtupu kitanywea na kuachia.

Mawe mawili yaliyoanguka yarudisheni kwenye nafasi zake, nene juu na nyembamba chini, yapigwe kwa nyundo ya mti mpaka yasitikisike kwa mkono, ndipo viungo vijazwe. Kama moja limepasuka, tafuteni jiwe gumu la kuchimba kutoka uwanda, yaani ardhi ya mawe, si tumbawe jepesi la baharini, ambalo ni zuri kwa kuchonga lakini si kwa utosi wa tao. Na tumbawe hai lililomo baharini lisiguswe kabisa.

Chokaa kukauka si kushika. Ikikaukia juani siku ya kwanza, inabaki unga mweupe unaokwanguliwa kwa kucha. Tundikeni magunia yaliyolowa chini ya tao na makuti upande wa jua, nyunyizeni asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Kalibu ikae wiki nne kwa uchache, kisha kabari zilegezwe milimita mbili tatu kwa siku, zote kwa usawa, kwa siku nne au tano. Tao litashuka kidogo na kukaa. Hiyo ni haki yake.

Juu ya daraja hamhitaji kufukua mpaka mgongo wa tao. Ondoeni sentimita 25 za uso wa njia, na mkikuta mawe ya tao kabla ya hapo simameni. Lakini chimbueni tabaka nyembamba za sentimita 10, pande zote mbili kwa pamoja. Kifusi cha mabegani si takataka, ndicho kinacholishika tao lisichanuke, na uzani ukiwa upande mmoja tu njia ya uzito inatoka nje ya mawe. William Edwards, aliyejenga daraja la Pontypridd huko Wales, tao la karibu mita 43 juu ya mto Taff, alilijua hili kwa hasara: tao lake la kabla lilianguka kwa sababu mabega yalikuwa mazito kupita kiasi, yakausukuma utosi kwenda juu. Lile la mwaka 1756 alilipunguzia uzito kwa kutoboa matundu matatu ya mviringo kila upande, na bado limesimama.

Baada ya kufukua, pigeni sakafu kama ya paa za zamani: chokaa 1, mchanga 2, kokoto ndogo 3, unene wa sentimita 10, ishindiliwe kwa vigongo siku mbili tatu mpaka maji yaache kupanda juu. Paa za Mji Mkongwe zilipigwa hivyo, kundi zima kwa mdundo mmoja, na nyimbo zake. Sakafu iinamie pembeni, sentimita 1 kwa kila sentimita 40, na maji yatolewe kwa milizamu inayotokeza angalau sentimita 20 nje ya ukuta, isije ikachuruzikia ubavuni. Juu ya sakafu rudisheni udongo na changarawe. Miche ya mkuyu iliyoota kwenye viungo msiing'oe, itaondoka na mawe. Ikateni kila inapochipua mpaka ife.

Vijana wakisema haya ni ya kizamani, waambieni habari ya Mostar, mji wa Bosnia. Daraja lake la tao juu ya mto Neretva lilijengwa mwaka 1566, tao la karibu mita 29. Lilibomolewa kwa mizinga Novemba 1993. Waliolijenga upya walikuwa na zege na chuma vya kutosha, lakini walirudi kwenye jiwe la aina ile ile, wakayafunga mawe kwa vyuma vilivyomiminiwa madini ya risasi kama mafundi wa awali, na likafunguliwa mwaka 2004.

Mchanga lazima upite, nalijua hilo. Lakini lori lililojaa halina nafasi juu ya tao hilo hata likipona. Kama bonde lina haja ya lori, ombeni kivuko kipya cha zege kando, mita 15 au 20 kuelekea maji yanakokwenda, chenye miguu yake kikibeba mzigo wake. Kisijengwe karibu zaidi, wala upande wa maji yanakotoka, kwa sababu kitabadili mkondo na kuuelekeza kwenye mguu mliokwisha kuutengeneza.

Na kabla ya mwiko wa kwanza, pelekeni barua kwa Sheha na kwa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, pamoja na picha za ufa, za miguu yote miwili na ile daftari ya vipimo. Misumari ya shaba iacheni pale pale kazi ikiisha, na yule mtu wa Ijumaa aendelee kupima mpaka masika ijayo ipite yote.